Uzi: Usikubali kodi za hitilafu za gari lako zifutwe kabla hujaziandika zote

FunguaBoneti:

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, leo nimekaa chini nikauandika. Kila baada ya siku chache mdau anakuja hapa na maneno yale yale: "Taa ya injini iliwaka, fundi akapima kwa mashine, akafuta, sasa imerudi. Shida nini?" Ukimuuliza kodi ilikuwa ipi, yaani ile namba ya hitilafu iliyoandikwa na kompyuta ya gari, hajui. Fundi naye hakumbuki. Basi tunabaki kupiga ramli. Huyu anasema plagi, yule anasema pampu, na mwenye gari anakwenda kununua vyote viwili.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Taa iliwaka nikiwa kwenye foleni, na gari likawa linatetemeka kidogo kila niliposimama. Fundi akachomeka mashine, akatazama kioo nusu dakika, akasema oksijeni sensa, akafuta. Sensa ikabadilishwa. Siku ya nne taa ikarudi. Akabadilisha na ile ya nyuma. Wiki haikuisha, taa hiyo tena.

Nikatafuta adapta yangu, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari na kusomea kwa simu, nikasoma mwenyewe. P0171. Maana yake mchanganyiko ni mwembamba, hewa imezidi mafuta, benki ya kwanza (safu ya silinda yenye silinda namba 1). Sasa fikirini: sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa kwamba hewa imezidi. Ilikuwa mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Sisi tuling'oa wawili.

Kilichonifungua macho si kodi yenyewe, ni frizi fremu. Hii ni picha ya hali ya gari ambayo kompyuta inaipiga pale pale hitilafu inapoandikwa. Yangu ilisema hivi: kasi 0, injini 720 RPM (mizunguko kwa dakika), joto la maji 88, fyueli trimu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) ya muda mrefu +21, ya muda mfupi +9. Yaani kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa karibu asilimia 30 na bado inaona hayatoshi, na haya yote gari likiwa limesimama. Nikawasha, nikapandisha injini mpaka 2500 RPM nikaishikilia hapo. Jumla ya trimu ikashuka hadi +5.

Hapo jibu limeshatoka: kuna tundu mahali linaloingiza hewa ambayo sensa haikuipima. Tundu la hewa halibadiliki ukubwa. Injini ikiwa chini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya yote inayoingia. Ukipandisha, injini inavuta hewa nyingi ya halali na ya wizi inamezwa humo. Ingekuwa pampu ya mafuta inachoka au chujio limeziba, mambo yangekuwa kinyume, trimu ingepanda kadiri unavyokanyaga.

Nikafungua boneti, nikashika ule mpira mnene wenye mikunjo unaotoka kwenye sensa ya hewa kwenda kwenye throto, lango la hewa ya injini. Ukiutazama, mzima kabisa. Nilipoukunja kwa vidole, katikati ya mikunjo miwili, upande wa chini, pakafunguka mpasuko wenye urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ukiuachia, unajifunga. Injini ikitikisika, unafunguka. Mpira ukabadilishwa, na ile kodi sijaiona tena.

Fundi yule alikuwa na frizi fremu ile ile mbele ya macho yake. Akaifuta. Ndiyo maana naandika: ukibonyeza "futa", hufuti taa peke yake, unafuta na ushahidi.

Sasa namna ya kusoma, kwa asiyewahi kabisa.

Soketi ina matundu 16, umbo la trapeza, na kwa kawaida ipo chini ya dashibodi upande wa dereva. Kanuni inataka iwe karibu na usukani, mahali mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva anapofikia. Kuna magari imefichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki. Chomeka mashine gari likiwa limezimwa, kisha weka swichi ON bila kupiga stata. Mashine ikiuliza aina ya gari, chagua kwa usahihi. Ukiingia kwa njia ya jumla ya OBD-II, mfumo wa pamoja wa kusomea hitilafu za magari, itajitafutia yenyewe lugha ya kuongea na kompyuta. Hakikisha betri ina chaji, maana betri dhaifu inazaa kodi za uongo, hasa zinazoanza na U.

Halafu soma makundi yote matatu. Wengi wanasoma moja tu. Kuna kodi zilizohifadhiwa, hizi ndizo zilizowasha taa. Kuna zinazosubiri: hitilafu imeonekana safari moja, kompyuta inangoja kuthibitisha safari ya pili kabla ya kuwasha taa. Na kwenye magari ya karibu 2010 kuja mbele kuna za kudumu, ambazo hakuna mashine inayozifuta. Zinaondoka kompyuta yenyewe ikijiridhisha kwamba hitilafu imeisha. Fungua frizi fremu, piga picha kioo kizima kwa simu, andika na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi siku hiyo. Baada ya hapo tu ndipo uanze kufikiria kufuta.

Kuhusu zile herufi: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chesisi kama ABS ya breki, U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Namba inayofuata ikiwa 0, kodi ni ya wote, gari lolote maana ni ile ile. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya mtengenezaji, na hapo usichukue tafsiri ya gari la rafiki yako. Alama ya tatu, ukihesabu na herufi, inataja eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni uwashaji na kumisi (silinda kushindwa kuunguza mafuta yake), 4 ni udhibiti wa moshi, 7 ni gia. Hizo ndizo utakazokutana nazo sana.

Ulizeni. Nitakaa hapa.

DerevaWaUsiku:

Mkuu, asante kwa nondo. Mimi nimekwama mwanzo kabisa. Nimechomeka mashine, haiwaki. Kioo cheusi. Nimejaribu kwenye gari ya jirani ikawaka vizuri. Ina maana kompyuta ya gari yangu imekufa?

WayaNaFyuzi:

Hapana bosi, usiogope. Mimi ni fundi umeme, hii naikuta sana. Soketi inatoa umeme wa betri muda wote kwenye pini 16, na athi ziko pini 4 na 5. Kwenye magari mengi pini 16 inakula fyuzi moja na kibiriti cha gari, pale tunapochomeka chaja ya simu. Chaja ikipiga shoti, fyuzi inakatika, na mwenye gari hajui kwamba ameua na soketi ya kupimia. Jaribu chaja ya simu pale. Isipochaji, fungua boksi la fyuzi.

Ukitaka uhakika, chukua mita, waya mweusi pini 4, mwekundu pini 16. Utafute volti za betri, 12 na kitu. Usikoroge matundu kwa ncha nene, zile pini za kike zikipanuka hazirudi, na baadaye mashine itakuwa inashika na kuachia. Mimi natumia kipande chembamba cha waya, nakigusisha pembeni tu.

Mashine ikiwaka lakini inasema haioni kompyuta, hilo ni jambo jingine. Kwa magari ya CAN, yaani yale ambayo kompyuta zake zinaongea kwa laini ya waya mbili, zima gari, toa terminali ya betri, pima omu kati ya pini 6 na 14. Inatakiwa iwe karibu 60, kwa sababu kuna rezista mbili za 120 kila upande wa laini na zimeunganishwa sambamba. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, waya hizo mbili zimegusana mahali.

DerevaWaUsiku:

Kibiriti hakichaji kweli. Fyuzi ya 15 imeungua, imekatika katikati kama uzi. Nimeweka ya 15 ileile, mashine imewaka. Sikujua kabisa hivi vitu vinahusiana. Nimetoa na ile chaja.

PlagiNne:

Wakuu, gari langu ni Toyota la 1997, limetengenezwa kwa soko la Japani. Soketi ninayo, matundu 16 kama mlivyosema. Adapta inawaka. Lakini programu ya simu inazunguka weee, mwisho inasema hakuna muunganisho. Nimejaribu adapta mbili.

FunguaBoneti:

Mkuu, umbo la soketi halithibitishi lugha inayozungumzwa ndani. OBD-II ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Ulaya ikafuata kwa petroli 2001, na dizeli 2004. Magari ya soko la Japani ya miaka hiyo hayakubanwa na sheria hizo, kwa hiyo mengi yana soketi ya matundu 16 lakini ndani yanaongea lugha ya kiwanda. Adapta ya kawaida itauliza kwa OBD-II na hakuna wa kuijibu. Unahitaji mashine yenye orodha ya Toyota za soko la Japani, au usome kwa kuhesabu taa.

WayaNaFyuzi:

Kwa Toyota nyingi za enzi hizo taa yenyewe inakusomea. Ila fuata kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapochoma vitu.

Tazama soketi ule mstari mpana ukiwa juu. Juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini 4 na pini 13 kwa kipande cha waya. Hesabu mara mbili kabla ya kuingiza. Pini 16 ipo mwisho kabisa chini kulia, hiyo ni betri moja kwa moja, ukiigusisha na 4 umepiga shoti. Kisha weka swichi ON, usipige stata. Taa ya injini ikipepesa haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna kodi. Ikiwa ipo, itapepesa kwa makundi: mipepeso minne, kituo kifupi, miwili, hiyo ni 42. Kama zipo kadhaa zitafuatana, halafu zinaanza upya. Chukua video, usitegemee kuhesabu kichwani.

Kwenye yale ya zamani zaidi kuna kiboksi kidogo kwenye chumba cha injini, kimeandikwa majina ya pini ndani ya kifuniko. Pale unaunganisha TE1 na E1. Kazi ni ile ile.

PlagiNne:

Nitajaribu kesho kukiwa na mwanga.

KasiSitini:

Samahani wakuu, mnajichosha. Mimi taa ikiwaka nachomoa betri dakika kumi, narudisha, imezima. Miaka yote.

FunguaBoneti:

Mkuu, sikuungi mkono, na naomba unisikilize. Taa kuzima na hitilafu kuisha ni vitu viwili. Ukichomoa betri unapoteza kodi, unapoteza frizi fremu, unapoteza na yale yote kompyuta iliyojifunza kuhusu injini yako, kwa hiyo siku za mwanzo gari linaweza kuwa zito au kushindwa kutulia likisimama. Redio nyingine zinadai namba ya siri. Vioo vya umeme vinasahau mwisho wao ni wapi.

Kuna jambo jingine. Kompyuta inafanya majaribio yake ya ndani: katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi), mvuke wa tangi, sensa za oksijeni. Ukifuta au kuchomoa betri, majaribio hayo yote yanarudi kuwa "hayajakamilika", na mashine inaonyesha hivyo. Mtu akikuuzia gari, taa imezima, lakini majaribio karibu yote hayajakamilika, ujue kodi zimefutwa muda si mrefu. Gari la kununua mimi sikosi kutazama ukurasa huo. Watu wanakagua rangi na matairi, ukurasa huu hawaufungui, na ndio unaosema ukweli.

MtotoWaGereji:

Naongezea kwa KasiSitini. Taa inaweza kuzima yenyewe pia, bila betri kuguswa. Safari tatu mfululizo kompyuta ikipima na kukuta sawa, inazima taa. Lakini kodi inabaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipashe moto na kupoa mara 40 bila hitilafu kurudi. Kwa hiyo mtu akisema "ilizima yenyewe, basi", mwambie achomeke mashine leo leo, ushahidi bado upo.

NyotaYaBarabara:

Jamani naombeni msaada wa haraka. Nimesimama pembeni ya barabara. Taa ya injini haikuwaka tu, inawakawaka, hasa nikikanyaga mafuta kupanda kilima. Gari inagonga gonga kama inataka kuzima. Adapta ninayo kwenye gari. Naweza kuendelea mpaka nyumbani?

FunguaBoneti:

Dada, usiendelee kwa mwendo wa kawaida. Taa ikiwaka na kutulia inakupa nafasi ya kwenda kupima. Ikipepesa, injini inamisi vibaya sasa hivi. Petroli isiyoungua inatoka na moshi, inaungulia ndani ya katalisti, yale masega yanapata joto kupita kiasi na kuyeyuka. Dakika chache za kulazimisha zinaweza kumaliza kifaa kizima. Zima injini, weka swichi ON, soma. Usifute.

NyotaYaBarabara:

Zilizohifadhiwa: P0302. Zinazosubiri: P0300. Frizi fremu inasema 2840 RPM, mzigo wa injini asilimia 81, kasi 54, joto la maji 91.

FunguaBoneti:

Umeandika vizuri kuliko mafundi wengi. P0302 ni silinda namba 2 inamisi. P0300 ni kumisi kusikobanwa kwenye silinda moja. Mzigo 81 maana yake ni pale injini inapobeba sana, na hapo ndipo koili dhaifu, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, inapojitoa, kwa sababu shinikizo ndani ya silinda ni kubwa na cheche inashindwa kuruka. Sisemi ni koili. Nasema tuanze nayo kwa sababu kuijaribu hakuhitaji kununua kitu.

Gari lako lina koili moja kwa kila plagi? Ukifungua kifuniko cha plastiki juu ya injini utaona vichwa vinne vyeusi, kila kimoja na soketi yake.

NyotaYaBarabara:

Ndiyo, vinne. Injini ni ya moto.

FunguaBoneti:

Acha ipoe kwanza. Kisha fungua boliti ya koili ya 2 na ya 3, zibadilishane nafasi, plagi usiziguse. Namba 1 kwa injini nyingi iko upande wa mkanda. Hapa ndipo ninaporuhusu kufuta, kwa sababu umeshaandika kila kitu na unataka swali jipya lijibiwe. Futa, washa, iache ingurume, kanyaga mafuta kidogo kidogo, soma tena, pamoja na zinazosubiri. Kodi ikihama kwenda P0303, umeikamata koili. Ikibaki P0302, tatizo liko kwenye silinda yenyewe: plagi, nozeli, au kompresheni.

NyotaYaBarabara:

Samahani kwa kuchelewa, nilisubiri ipoe. Nimezibadilisha. Imemisi tena, na sasa hivi kwenye zinazosubiri ni P0303. Imehama! Halafu koili yenyewe nilipoigeuza ina ufa mwembamba kwenye ule mpira mrefu unaoingia ndani, na mstari mweupe kama chaki umeshuka nao.

WayaNaFyuzi:

Huo mstari mweupe ndio njia ya cheche. Ilikuwa inatorokea kwenye ukuta wa kisima cha plagi badala ya kushuka kwenye plagi. Dada umefanya kazi safi. Weka koili mpya, na itazame plagi ya silinda 2, pengo lake likiwa limepanuka litaua na koili mpya. Usirudi kwa kasi, vutwa ukiweza.

TangiTupu:

Mimi nina P0420. Nimeambiwa ni katalisti imekufa, ninunue nyingine. Kodi si imesema wazi?

FunguaBoneti:

Kodi imesema ufanisi wa katalisti, benki ya kwanza, uko chini ya kiwango. Haijasema nunua. Hebu tuone kompyuta imejuaje. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya katalisti na nyingine baada. Ya mbele, kwa magari yenye sensa ya kawaida, inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kukoma. Katalisti nzima inaihifadhi oksijeni ndani yake, kwa hiyo ya nyuma inatulia, tuseme 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kucheza ngoma moja na ya mbele, kompyuta inaandika P0420.

Kwa hiyo washa gari, lipashe moto vizuri, fungua grafu ya sensa zote mbili kwenye mashine, shikilia 2000 RPM. Angalia mwenyewe. Magari mengi mapya yana sensa ya mbele ya aina nyingine isiyopanda na kushuka hivyo, hapo tazama ya nyuma peke yake kama imetulia.

Kabla ya hayo yote, je kuna kodi nyingine yoyote pembeni yake? Kumisi? Mchanganyiko kuwa mzito? Eksozi inavuja karibu na sensa? Uvujaji unaingiza hewa na sensa inadanganyika. Na kama injini inamisi au inakula oili, katalisti mpya nayo itakufa. Ndiyo maana nasisitiza orodha nzima.

TangiTupu:

Ipo. P0301 kwenye zinazosubiri. Sikuiona kwa sababu sikujua kuna ukurasa huo.

FunguaBoneti:

Basi anza na silinda ya 1. Katalisti iache kwanza.

PlagiNne:

Nimerudi. Video ninayo. Mipepeso miwili, kituo, mmoja. Inajirudia hivyo hivyo, 21 peke yake.

WayaNaFyuzi:

Kwenye Toyota za wakati huo 21 ni mzunguko wa sensa kuu ya oksijeni. Nimesema mzunguko. Usinunue sensa. Chomoa soketi yake kwanza, utazame pini, halafu pima omu za hita, zile waya mbili za rangi moja. Ikisoma imekatika kabisa, hita imeungua. Ikisoma omu chache tu, rudi kwenye waya na fyuzi.

SimuYaMkononi:

Swali la vifaa. Adapta ndogo za simu zinatosha au lazima mashine kubwa? Nimeona nyingi zimeandikwa ELM327.

MtotoWaGereji:

Kwa injini zinatosha. Angalia mambo haya. Ukiwa na iPhone, adapta za Bluetooth ya zamani hazitashika, chukua ya WiFi au ya Bluetooth inayotumia umeme kidogo (Bluetooth LE). Android inashika karibu zote. Adapta nyingi ni nakala za chipu ya ELM327, na baadhi zimepunguzwa amri, zinasoma kodi za P lakini zinakwama kwenye magari ya lugha za zamani au zinakatika katikati. Usikubali kuiacha imechomekwa wiki nzima gari limelala, inanyonya betri.

Ila usitegemee isome ABS, mifuko ya hewa au gia kwa kina. Hapo unahitaji mashine inayojua gari lako. Nimeona mtu taa ya ABS inawaka, anasoma kwa adapta, inamwambia hakuna kodi, anaamini gari ni zima. Adapta iliuliza kompyuta ya injini peke yake, na kompyuta ya injini ilijibu kweli.

BarazaLaMadereva:

Wakuu, nimeufuata uzi kama mlivyoelekeza. Naweka yangu.

Malalamiko: asubuhi gari linawaka kwa shida, moshi mweusi unatoka kidogo, na feni ya rejeta inazunguka tangu naweka swichi, injini ikiwa baridi.
Zilizohifadhiwa: P0118. Zinazosubiri: hakuna. Za kudumu: P0118.
Data za moja kwa moja, swichi ON, gari limelala usiku kucha: joto la hewa inayoingia 29, joto la maji -40.
Sijafuta kitu.

FunguaBoneti:

Hii ndiyo taarifa niliyokuwa naiota. Umeandika karibu jibu zima.

-40 si joto. Sensa ya maji ni rezista inayoshuka omu kadiri inavyopata joto. Waya ukikatika, kompyuta inaona omu zisizo na mwisho, na kwa hesabu yake hiyo ni baridi kuliko zote inazozijua. P0118 inasema kitu kile kile: volti ya juu kupita kiasi, yaani mzunguko uko wazi. Kompyuta imepoteza imani na sensa, inamwaga mafuta mengi asubuhi na inazungusha feni muda wote kwa tahadhari. Kila unacholalamikia kimetoka hapo.

Chomoa soketi ya sensa ya maji. Chukua kipande cha waya, unganisha matundu mawili ya soketi ya upande wa waya, tazama kioo. Kama namba inaruka kutoka -40 kwenda juu kabisa, zaidi ya 120, basi waya na kompyuta ni wazima na tatizo ni sensa au mguso wake. Ikibaki -40, waya umekatika njiani. Hakikisha ni sensa yenye waya mbili.

BarazaLaMadereva:

Waya mbili, ndiyo. Nimeunganisha, imeruka hadi 140.

WayaNaFyuzi:

Kabla hujanunua sensa, mulika ndani ya soketi kwa tochi.

BarazaLaMadereva:

Pini moja ina kijani, unga kama wa shaba iliyokaa kwenye maji. Nimeikwangua taratibu kwa sindano, nimepuliza dawa ya kusafishia migusano, nimebana ile pini ya kike kidogo, nimerudisha. Swichi ON.

Joto la maji linasoma 30. La hewa 29. Feni imenyamaza.